Mashua Kwenye Kitanda cha Majani Chai

Ninyi vijana wa hapa ziwani mmenicheka vya kutosha. Kila mgeni akiuliza ni nani alinifundisha kufunga vyuma kwenye sitaha ya mashua, nami nikijibu kwamba nilifundishwa Kericho, juu kwenye chai, ambako maji makubwa kuliko yote ni bwawa la shamba, mmoja wenu huguna na mwingine huuliza kama mashua za huko huvutwa na ng'ombe. Sasa nimestaafu na nina muda wa kuwaeleza. Someni polepole. Mengi ya humu ni ya kazi tupu, na mkiyashika yatawafaa kesho asubuhi.

Karakana ya Mzee Njoroge ilikuwa kando ya barabara inayotoka Kericho mjini kuelekea Nakuru. Mzee alizaliwa Londiani, mtoto wa mpasua mbao aliyehamia huko kutoka Nyeri, na yeye mwenyewe alianza na mbao kabla ya kuingia kwenye vyuma. Tulitengeneza trela za kubebea majani chai, mikokoteni ya maziwa na mapaa ya mabati. Mimi nilitoka upande wa Mogogosiek mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na mwaka mmoja wa chuo cha ufundi. Nilifika nimevaa sketi iliyopigwa pasi vizuri sana, na hiyo ndiyo mara ya mwisho sketi hiyo kuonekana ikiwa safi.

Mzee alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, bila ubaya wowote, kama mtu anayepima ubao.

"Unaitwa nani?"

"Rael."

"Rael, wewe ni mwembamba. Nimekuwa nikimwomba Mungu anipe mtu mwembamba. Chukua ovaroli pale, uingie chini ya hiyo trela."

Nilishinda chini ya trela nimelala chali, spana mkononi. Kazi ya bolti ni ya watu wawili, mmoja juu na mwingine chini, na mara nyingi hawaonani. Kwa hiyo Mzee alikuwa na lugha ya kugonga. Akigonga mara moja, shika nati. Mara mbili, zungusha. Mara tatu, toka, mvua imekuja. Huko kwetu mvua huja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, na karakana nzima ilijua saa kwa kuyatazama mawingu.

Ilikuwepo desturi nyingine, nayo naomba muirudishe hata kama mtaicheka: chai ikiletwa, aliyekuwa chini ndiye hunywa kwanza. Mzee alisema aliye juu anaona uso wa kazi, lakini aliye chini anaona kama imeshika. Mwenye karakana akiwa juu, alisubiri. Niliwahi kumwona akisubiri kikombe mpaka kikapoa, kwa sababu mimi nilikuwa bado nahangaika na nati moja.

Mashua ilikuja miaka ya tisini ikiwa katikati. Ililetwa na pikapu ya shamba moja la chai, juu ya trela yake yenye magurudumu mawili. Ilikuwa ya faiba nyeupe, ndefu kidogo kuliko trela ya majani, mlingoti wake umelazwa juu na kufungwa kwa kamba. Barabara yote ilisimama kutazama. Muuza viazi mmoja aliita kutoka ng'ambo:

"Njoroge! Mungu amekuambia nini ambacho pasta hajatuambia?"

"Ameniambia wewe hupandi," Mzee akajibu, na akaendelea kufungua lango.

Kwenye pikapu walikuwemo watu wawili. Wa kwanza alikuwa Sista Cherono, muuguzi wa zahanati ya shamba, bado amevaa sare yake na sweta juu yake. Wa pili alikuwa Arap Bett, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, aliyesimamia unyaushaji wa majani katika kiwanda cha shamba hilo hilo, na ambaye nyumbani kwake, upande wa Sotik, alifuga ng'ombe wa maziwa. Walishuka wakiwa wanabishana tayari.

Jambo lilikuwa hivi. Klabu ya shamba ilikuwa imefungwa, na kamati ilikuwa ikigawa vitu vyake: meza, viti, raketi, na hii mashua. Sista Cherono ndiye aliyeiendesha bwawani kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote. Lakini mwaka uliotangulia, alipoipeleka Kisumu kwenye mashindano, bamba la kushikilia waya wa mlingoti liling'oka kutoka kwenye sitaha, mlingoti ukaanguka, na wenye mashindano wakamwambia asirudi mpaka mashua itengenezwe na kukaguliwa. Kamati ikaamua: mwisho wa mwezi, mashua ikipita ukaguzi wa Kisumu, ni ya Sista. Isipopita, ni ya Arap Bett, aliyeiomba ili iwe hori la kunyweshea ng'ombe.

"Chamgei," Arap Bett alitusalimia, kisha akainama kuchungulia upande wa chini. "Nawaomba, msitoboe sana huku. Ng'ombe wangu hawapendi hori linalovuja."

"Boiyot, mzee wangu, hii si hori," Sista akasema.

"Bado," akajibu mzee kwa upole.

Sista alitugeukia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Wiki nzima watu wananiletea maumivu yao," alituambia. "Na siwalaumu, ndiyo kazi yangu. Lakini nikiwa pale majini hakuna anayeniita. Nitengenezeeni."

Mzee Njoroge hakuwa amegusa mashua maishani mwake. Alisogea mbele, akashika kile chuma chenye pembe mbili ambacho kamba hufungiwa. Ninyi hukiita kliti. Sisi tulikiita pembe, kwa sababu kilifanana na kichwa cha ndama. Akakizungusha kidogo kwa mkono. Kikatoka chote, pamoja na skrubu zake, na nyuma yake ukamwagika ungaunga mweusi kama masalio ya chai kwenye chujio.

"Haya," akasema Mzee. "Sasa tunaongea."

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana bado nawaona mkikosea. Sitaha ya mashua ndogo kama ile ni mkate. Juu kuna kipande chembamba cha faiba, chini kipande kingine, na katikati, badala ya siagi, plaiwudi. Faiba hailowi. Plaiwudi hulowa. Ukitoboa tundu kupitia faiba na kulifunga kwa skrubu peke yake, umeyafungulia maji mlango wa kuingia katikati ya mkate. Yataingia kidogo kidogo, plaiwudi itaoza, na sitaha itaendelea kupendeza kwa juu. Aliyefunga vyuma vya mashua ile alitumia skrubu fupi zilizoshika plaiwudi tu. Siku upepo ulipovuta, hazikuwa na kitu cha kushika.

Tuling'oa vyuma vyote: pembe za mbele na nyuma, roda za kupitishia kamba, na mabamba ya waya za mlingoti. Kisha tukaondoa uozo bila kuharibu faiba ya juu. Mzee alikunja msumari ukawa kama kisigino, akaufunga kwenye drili mahali pa ncha, akauingiza kwenye tundu la skrubu. Ulipozunguka, ulikula mbao iliyooza kati ya faiba ya juu na ya chini, ukaacha shimo pana ndani na mdomo mdogo juu. Nimeona zana nyingi za bei tangu wakati huo. Bado natumia msumari.

Mimi nilikuwa chini, yaani ndani ya chumba cha mbele cha mashua, ambacho mlango wake ulikuwa wa duara usiozidi mdomo wa sufuria ya ugali. Niliingia kichwa kwanza, mkono mmoja mbele na mwingine ubavuni. Mzee alisimama nje akininong'oneza, "Ukikwama usiogope, tutakata mashua, hatutakukata wewe."

Yale mashimo yalitakiwa kujazwa gundi ngumu, ile ya mikebe miwili inayochanganywa, ili likitobolewa tundu jipya katikati ya gundi, bolti ipite kwenye gundi na isiguse mbao kamwe. Maji yakipenya, yakute ukuta. Tulikausha mashimo, tukajaza, tukalala tukiwa tumeridhika. Asubuhi Mzee aliingiza bisibisi kwenye pande la kwanza la gundi, akalisukuma kidogo. Likachomoka zima, kama jino la mtoto. La pili vilevile. Upande wake wa nje ulikuwa unateleza.

Sista Cherono alikuwa amepita kabla ya zamu yake. Aliingiza kidole shimoni, akakinusa.

"Mlisema mlikausha."

"Tulikausha," nikasema. "Ilikuwa kavu."

"Rael, mimi nilisomea uuguzi Kisumu. Hii ni kavu ya Kericho."

Alikuwa sahihi, na hilo ni kosa ambalo mtu wa ziwani hawezi kulifanya. Huko kwetu kuni huitwa kavu zikiacha kudondosha maji. Nguo huvaliwa zikiwa na ubaridi kidogo, na mtu humwambia mwenzake zitamalizikia mwilini. Tulikuwa tumezaliwa ndani ya unyevu na hatukuuona tena. Mbao ilikuwa kavu kwa vidole vyetu, lakini ndani ilikuwa imeshiba.

Tukaanza upya. Tuliweka jiko la makaa chini ya turubai kando ya mashua. Tulilisogeza, tukapepea, tukageuza. Kila tulichokikausha mchana, ukungu wa alfajiri ulikirudishia. Siku za mwezi zilikuwa zinakwenda, na Sista alianza kupita asubuhi na jioni bila kuuliza chochote. Alikuwa anatazama tu, halafu anaondoka.

Aliyeuliza alikuwa Arap Bett, kila alipokuja mjini. "Hori langu linaendeleaje?"

Siku moja Mzee Njoroge hakujibu kwa mzaha. Alimwonyesha shimo, na jiko, na lile pande la gundi lililochomoka. Arap Bett alivua kofia. Alichukua kipande cha plaiwudi tulichokikwangua, akakifinya kiganjani, akakifungua, akakinusa, hivyo hivyo kama alivyozoea kufinya majani ya chai kuona kama yamenyauka vya kutosha.

"Mnakausha kutoka juu," akasema. "Hakuna anayekausha kutoka juu. Upepo unapita chini, unapanda na maji yake. Mkiweka moto hapo kando mnachemsha tu."

Mara akakiweka chini kile kipande. Nadhani alisikia alichokisema.

Mzee Njoroge alichukua muda wake kufuta mikono. "Kumbe wewe ungeweza."

"Mimi? Mimi nimenyausha majani tangu nikiwa sina ndevu. Hakuna kitu kilicholowa ambacho kimenishinda."

"Lakini mbao si majani."

"Mbao ni majani yaliyozeeka."

"Hatuwezi kukuomba," Mzee akasema. "Wewe unataka hori. Tutasema tu kwamba tulifikiria, tukaona kazi ni kubwa kwa Arap Bett."

Arap Bett alirudisha kofia kichwani, akaivuta mpaka masikioni. "Njoroge, wewe ni mtu mbaya. Leteni Jumapili, vitanda vikiwa wazi."

"Jumapili?" Mzee alikuwa mzee wa kanisa.

"Watu huugua pia Jumapili," akasema Sista Cherono, aliyekuwa amesimama langoni muda wote huo. "Na mimi huenda kazini."

Mzee alihudhuria ibada ya kwanza, kisha akaja kiwandani moja kwa moja akiwa na suti na tai.

Kwa ambao hamjaingia kiwanda cha chai: majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye wavu, na feni kubwa mwishoni mwa kitanda husukuma hewa chini ya wavu, ikapanda kupitia majani. Siku za mvua hewa hiyo hupashwa moto na boila. Arap Bett alikuwa amemwomba meneja kitanda cha mwisho, akakubaliwa kwa sharti kwamba mashua ioshwe vizuri na itoke kabla majani ya Jumatatu hayajaletwa. Tuliisugua kwa sabuni nje na ndani. Tuliipindua, tukailaza sitaha ikitazama chini, na Arap Bett akaziba pande zote kwa magunia mazito, ili hewa ikose njia nyingine ila mashimo yetu. Alipowasha feni, mashua ilitetemeka kidogo, kama mnyama anayeguswa usingizini.

Nilimuuliza tutajuaje kama imekauka, maana vidole vyetu vilikuwa vimekwisha kutudanganya. Akaninyooshea kipande cha nailoni angavu. "Kibandike kwenye shimo. Mbao ikiwa na maji itatoa jasho, na jasho utaliona kwenye nailoni." Tangu siku hiyo sijajaza shimo lolote bila nailoni. Fanyeni hivyo. Ni rahisi, na haidanganyi.

Jioni ya Jumapili nailoni zote zilikuwa na jasho. Asubuhi ya Jumatatu mengi ya mashimo yalikuwa safi, lakini yale ya mabamba ya mlingoti, yenye kubeba uzito wote wa upepo, bado yalikuwa na ukungu mwembamba. Na lori la majani likaingia mapema kuliko ilivyotarajiwa, likiwa limejaa, kwa sababu asubuhi ilikuwa nzuri na wachumaji walianza mapema.

Wapakuzi walijipanga na magunia mabegani. Mmoja akasimama kwenye kitanda cha mwisho, akaiangalia ile mashua iliyolala kifudifudi.

"Arap Bett, siku hizi tunanyausha mamba?"

Watu wakacheka. Arap Bett hakucheka. Alijua, na sisi tulijua, kwamba angesema neno moja tu, "Toeni", na hakuna ambaye angemlaumu. Kitanda ni cha majani. Mwezi ulikuwa umebaki mfupi, mashimo yale yasingekauka mahali pengine popote, na hori lingekuwa lake. Sista Cherono alikuwa amesimama kando yangu na sare yake. Alikuwa anatazama feni.

Arap Bett aliondoa nailoni, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha.

"Jazeni vile vitanda vingine kwanza," akawaambia wapakuzi. "Tandazeni vizuri, msirundike. Mkimaliza, tandazeni hata hapa, upande ule ulio wazi. Lakini hii haijanyauka, na mimi sitoi kitu ambacho hakijanyauka."

Ndivyo ilivyokuwa kwa saa kadhaa. Mwisho mmoja wa kitanda ulikuwa na majani mabichi, kijani kibichi kabisa, na mwisho wa pili ulikuwa na mashua, vyote vikipulizwa na hewa moja. Kabla ya saa sita Arap Bett alibandua nailoni ya mwisho. Ilikuwa kavu kama kioo cha miwani.

"Chukueni mtoto wenu," akasema.

Hatukutia gundi pale ndani. Majani chai hunyonya harufu ya kila kitu, na Arap Bett angetutupa nje sote. Tuliibeba hadi banda la kuni za boila, mahali pakavu kuliko pote, tukajaza mashimo kungali na joto. Kesho yake Mzee aliweka bisibisi kwenye pande la kwanza, akalisukuma, akaliegemea, kisha akaligonga kwa nyundo. Mlio ulikuwa mmoja kutoka mwisho wa sitaha hadi mwisho mwingine, mkavu na mgumu. Mzee alirudia kugonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anafurahia.

Sasa kazi ya kufunga yenyewe. Tulitoboa tundu jipya katikati ya kila pande la gundi. Kwenye mdomo wa tundu tulipanua kidogo kwa ncha nene, pakawa na kikombe kidogo, ili silikoni ya kuzibia maji ikae pale kama pete kuizunguka bolti. Tulibandika utepe wa karatasi kuzunguka mahali pa chuma, tukapaka silikoni chini ya chuma na shingoni mwa bolti, tukashusha. Kwa upande wa ndani, badala ya washa, kile kipete kidogo cha chini ya nati, niliweka bamba la alumini lenye upana wa kiganja chini ya kila chuma, ili uzito usambae na usivute mahali pamoja. Kisha tukakaza kidogo tu, mpaka silikoni ikachungulia pembeni, tukaiacha. Watu wa mabati hukaza mpaka kitu kilie. Kwenye mashua, ukikaza hivyo siku ya kwanza, silikoni yote inatoka na unabaki na chuma juu ya faiba. Ikishaganda ikawa mpira, ndipo unakaza mara ya pili, nayo inajibana.

Na unapokaza mara ya pili, anayezungusha ni wa chini. Wa juu anashika kichwa cha bolti kisisogee hata unywele mmoja, kwa sababu bolti ikizunguka inaichana ile pete ya mpira. Mzee aliyajua hayo yote, na bado mkono wake, uliozoea trela kwa miaka mingi, uliizungusha bolti moja. Hatukujua mpaka mvua ya mchana. Nilikuwa ndani ya chumba cha mbele na tochi, mvua ikinguruma juu ya kichwa changu, nikipita nati moja baada ya nyingine kwa kidole. Kavu. Kavu. Kavu. Ya pembe ya kulia ikaning'iniza tone.

Niligonga sitaha. Mzee akachungulia mlangoni, maji yakimtiririka puani.

"Ni ipi?"

"Ya pembe ya kulia, Mzee. Bolti ya nyuma."

Alifikiri kidogo. "Hiyo ni mimi," akasema, akaenda kuleta spana. Tuliifungua, tukaisafisha, tukaianza upya. Chai ilipokuja aliniletea mwenyewe, kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

Safari ya Kisumu tulienda sote: Sista, Mzee, mimi, na Arap Bett, aliyesema anakuja kuchukua mali yake. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, na Mzee alivua koti, kisha sweta, kisha sweta nyingine.

Mkaguzi aliitwa Odhiambo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya maji. Aliizunguka mashua yetu mara mbili.

"Mmetoka kwa chai. Hii ni ya kusafiria ama ya kubebea majani?"

"Upepo ukikosekana tutaichemsha tunywe," akasema Mzee Njoroge.

Odhiambo alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Alivuta kila chuma. Alikanyaga pembe ya mbele kwa mguu mmoja, akajinyanyua na uzito wake wote. Alichungulia mabamba ya chini kwa tochi na kuguna. Kisha akamwambia Sista Cherono, "Ingia nayo majini. Ukifika pale kwenye boya, iangushe."

Mzee akashtuka. "Tumeileta ikiwa imesimama, wewe unataka ianguke?"

"Mzee, ziwa litaiangusha bila kuniuliza mimi. Nataka ilale mpaka tanga liguse maji, aiinue kwa waya zake, halafu nifungue kile chumba cha mbele nione ndani kuna nini."

Sista alivaa jaketi la kuokolea, akaipeleka. Alipofika kwenye boya alivuta tanga kinyume na kuegemea nje, na mashua ikalala. Maji yakaifunika sitaha yote, vyuma vyote. Sista aliogelea nyuma yake, akapanda juu ya ule ubao unaochomoza chini ya mashua, akashika kamba na kuegemea nyuma. Mlingoti ulitoka majini polepole, mzito kwa tanga lililolowa, waya zikiwa zimekazwa kama kamba za kuanikia blanketi. Yale mabamba ya mlingoti ndiyo yalikuwa yakibeba kila kitu sasa. Arap Bett alikuwa amesimama kando yangu, akinong'ona kwa Kipsigis kitu ambacho sikukisikia vizuri. Kisha mashua ikasimama, ikatikisa maji, na Sista akapanda.

Aliporudi ufukoni, Odhiambo alifungua kile chumba cha mbele, lakini mabega yake hayakupita kwenye mlango.

"Nani aliingia humu kufunga?"

"Mimi," nikasema.

"Basi ingia."

Niliingia mpaka kiunoni, mkono mmoja mbele. Nilipita zile nati zote kwa kidole, taratibu, za kushoto na za kulia, za pembe, za mabamba. Nilizipita mara ya pili. Nilipotoka niliunyoosha mkono mbele yake. Odhiambo aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama kiganja na kati ya vidole. Ulikuwa na vumbi la alumini, na hakuna zaidi.

"Imepita. Andika namba yake," akamwambia karani wake.

Mchana huo, kwenye mashindano, upepo ulikuwa mkali, na mashua kadhaa zilirudi zimevunjika kitu au kingine. Sista Cherono alimaliza wa tatu. Mzee Njoroge, ambaye hakuelewa sheria hata moja ya mashindano, alipiga makofi kila mashua yoyote ilipogeuka. Arap Bett alikaa juu ya jiwe akitazama mpaka mwisho, kisha akaenda kumpa Sista mkono.

"Imenyauka vizuri," akamwambia. "Hori nitajenga la saruji."

Baadaye Odhiambo alimjia Mzee na kumuuliza kama tungeweza kutazama mashua mbili za watu wake. Hizo mbili zikaleta nyingine, na ndivyo nilivyojikuta hapa kwenu miaka yote hii. Lakini hilo ni jambo dogo.

Tulipokuwa tunajiandaa kupanda mlima, dereva wa pikapu alichukua kamba ili aifunge mashua kwenye trela, kama alivyoifunga siku zote. Sista Cherono, nywele bado zimelowa, alimwondolea kamba mkononi bila haraka.

"Acha," akasema. "Kuanzia leo hii naifunga mwenyewe."

Aliipitisha chini ya trela, akaivusha juu, akaibana, akamalizia kwa fundo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona. Dereva alilitazama. Akalivuta kidogo kulijaribu, akalivuta tena kwa nguvu. Kisha akatia mikono mfukoni na kwenda kuwasha gari.